Mihogo Hii ni ya Nani? Somo juu ya Miradi na Sherehe katika Shule Ndogo ya Pwani



Nilipokuwa darasa la tano, shule yetu ilikuwa na shamba la mihogo. Tulilima kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho, kila mtoto na jembe alilotoka nalo nyumbani. Mwaka uliofuata mihogo ilikomaa. Tuliing'oa wenyewe asubuhi moja, tukaipakia kwenye gari dogo la mizigo, na gari likaondoka. Hatukuambiwa lilikwenda wapi. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Hii mihogo ni ya nani?" Mwalimu wa zamu akamwambia ashike adabu. Tulimaliza darasa la saba bila kupata jibu.

Swali hilo hunirudia kila mwaka ninapoona mafrateri wanafunga mizigo kwenda mwaka wa kichungaji. Baadhi yao watapangwa katika parokia zenye shule ndogo, au vigango vilivyo jirani na shule ya kijiji. Paroko au mwalimu mkuu atawaambia: "Frateri, utusaidie miradi ya wanafunzi, na siku ya wazazi utuandalie kitu cha kuchangamsha." Wengi huichukua kuwa kazi nyepesi, ya kujaza muda baina ya mafundisho na ibada. Somo hili lina neno moja la kusema: mradi wa shule ni malezi pale tu mtoto anapojua kwa nini anaufanya, anaposhirikishwa katika kuamua, na anapoona matunda yake yakigawanywa waziwazi. Bila hayo, mradi unakuwa utumikishaji, hata kama shamba lina kibao chenye jina la mtakatifu.

1. Mahali penyewe

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kijiji kimoja: Mkwaja. Kipo wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga, kando ya Bahari ya Hindi, kusini mwa mji wa Pangani. Kikanisa tupo katika Jimbo la Tanga, ambalo lilifanywa jimbo kamili mwaka 1958. Wakristo katika pwani hii ni wachache. Watu wengi ni Waislamu, na katika darasa moja la shule ya kijiji utakuta watoto wa Mwislamu na wa Mkatoliki wamekaa dawati moja, wakitoka nyumba zinazotazamana. Maisha yanategemea bahari, minazi, mihogo na vibarua.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe wa nyama, iliyoanzishwa miaka ya 1950. Ilifungwa mwaka 2000, baada ya miaka mingi ya kushindana na magonjwa yanayoenezwa na mbung'o na vichaka vilivyovamia malisho. Ardhi yake iliunganishwa na Saadani, ambayo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, hifadhi ambayo simba na tembo wake wanaishi jirani kabisa na bahari. Ufukwe wa Madete, ambako kasa hupanda kutaga mayai, umo ndani ya hifadhi hiyo.

Nayataja haya kwa sababu frateri anayefika mahali kama hapa hukuta watu ambao wameshaona ardhi ikibadilika mikono zaidi ya mara moja. Swali la "hiki ni cha nani?" wanalifahamu kuliko yeye. Mzazi anapoona mwanawe ameshika jembe la shule, analiuliza kimoyomoyo. Shule isipojibu, mzazi atajijibu mwenyewe, na jibu lake halitakuwa zuri.

2. Mwalimu alifundisha nini mwaka 1967

Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Tukumbuke kwamba aliyeandika alikuwa mwalimu kweli: alifundisha Mtakatifu Maria, Tabora, na baadaye Mtakatifu Fransisko, Pugu, shule zote mbili za Kikatoliki. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Hoja yake ilikuwa kwamba elimu tuliyorithi iliwatenga watoto na wazazi wao. Iliwaandaa wachache watakaoendelea mbele, ikawaacha walio wengi wakijiona wameshindwa. Tena iliwafundisha kudharau kazi ya mikono iliyowalea. Kwa hiyo alitaka kila shule iwe pia jumuiya inayofanya kazi na kujitegemea kwa sehemu, yenye shamba au karakana inayolingana na mazingira yake.

Hapo ndipo wengi tunapoishia kusoma. Lakini andiko linaendelea. Mwalimu alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, watunze kumbukumbu za shamba, wajue mapato, na wawe na sauti katika kuamua mapato yatumikeje. Alitaka wajifunze kwa kufanya na kwa kuwajibika. Shamba lisilo na daftari la wanafunzi, ambalo mipango yake yote iko kichwani mwa mtu mzima mmoja, halitokani na andiko lile, hata likiitwa shamba la kujitegemea.

Katika shule nyingi tulichukua jembe tukaacha daftari. Kibaya zaidi, kazi ikageuzwa adhabu. Aliyechelewa kufika alipewa eneo la kupalilia, aliyepiga kelele alichota maji. Mtoto akifundishwa hivyo miaka saba, atatoka na somo moja: jembe ni la mkosaji. Hilo ni kinyume kabisa cha alichokitaka Mwalimu.

3. Kanisa nalo lina historia yake

Tusidhani kosa hili ni la serikali peke yake. Ukitoka Mkwaja ukafuata pwani kuelekea kusini, utapita Saadani na kufika Bagamoyo. Huko Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Wakaanzisha shule, mashamba na karakana, ili mtoto ajifunze kusoma, kusali na kufanya kazi. Lilikuwa tendo kubwa la huruma. Hata hivyo historia inatuonyesha pia kwamba nidhamu ilikuwa kali na kazi zilikuwa nyingi, na wapo waliotoroka. Mtu aliyekombolewa kutoka kwa bwana mmoja anataka kujua kama hajapata bwana mwingine. Wamisionari wale tunawaheshimu. Tunawaheshimu zaidi tukijifunza na pale walipopungukiwa.

Mafundisho ya Kanisa ya baadaye yanatupa vigezo vya wazi. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, linasema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba shule ni kama kitovu ambamo familia, walimu, vyama na jamii nzima hushiriki kazi moja. Siku ileile Mtaguso ulitoa pia Nostra Aetate, juu ya uhusiano wetu na dini zisizo za Kikristo, ambamo Kanisa linasema linawatazama Waislamu kwa heshima. Kwa shule ya pwani matamko haya mawili yasomwe pamoja, kama yalivyozaliwa siku moja.

Sheria ya Kanisa, kanuni 796, inadai walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na kuwasikiliza, na vyama au mikutano ya wazazi ianzishwe. Kanuni 1284 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa watunze vizuri vitabu vya mapato na matumizi, na kanuni 1287 inawataka wawatolee waamini hesabu ya vile waamini walivyotoa. Kanuni hizi mbili zinahusu mali ya Kanisa, lakini roho yake inalifikia hata shamba la robo eka: aliyetoa jasho ana haki ya kusikia hesabu. Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Hakusema kama waliovuna walikuwa na umri gani. Na nchi yetu, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inakataza kumtumikisha mtoto kazi za kinyonyaji.

4. Miradi mitatu ya darasani

Sasa tushuke kwenye utendaji. Ninatoa miradi mitatu inayofaa kijiji kama Mkwaja, isiyohitaji mfadhili.

(a) Shamba la mihogo. Robo eka ikipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja huingia mashina karibu 1,000. Kabla ya kugusa jembe, darasa lipige hesabu hiyo lenyewe: urefu, upana, idadi ya pingili, siku za kupalilia. Mihogo mingi huhitaji miezi tisa hadi kumi na miwili kukomaa. Hapa pana jambo la haki ambalo ni rahisi kulisahau. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa mwezi Septemba na kuondoka. Wakipanda wakati wa masika ya mwaka huohuo, wataondoka kabla ya kuvuna, na watakaokula ni wengine. Kwa hiyo wapande wakiwa darasa la sita, au wapewe zao la muda mfupi kama kunde na mchicha.

Kila darasa liwe na daftari la shamba na mwanafunzi wa kuliandika: tarehe, kazi, waliofika, mvua, wadudu. Na kabla ya kupanda, wanafunzi, walimu na kamati ya shule wakubaliane mavuno yatagawanywaje: sehemu ya uji au chakula cha mchana shuleni, sehemu ya kuuza kwa ajili ya vifaa, sehemu ya kila mtoto kupeleka nyumbani. Hiyo ya nyumbani isiachwe, hata kama ni mihogo miwili tu. Mtoto anapomkabidhi mama yake mhogo wa shule, mama ameshajibiwa swali lake.

(b) Kupima maji ya bahari. Watoto wa pwani wanaijua bahari kwa macho. Tuwasaidie kuijua kwa hesabu. Simikeni mti wenye alama kila sentimita kumi mahali salama, watoto wakiwa na mtu mzima wakati wote, na kwa mwezi mmoja waandike saa ya maji kujaa, saa ya kupwa, na umbo la mwezi usiku. Watagundua kwamba kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Waulize: baada ya siku saba yatakuwa yamechelewa kiasi gani? Mara saba ni dakika 350, karibu saa sita. Ndiyo maana saa ambayo maji yalikuwa yamejaa wiki iliyopita, wiki hii yamekupwa.

Mwalimu wa mradi huu awe mvuvi mzee. Msimwite kama kielelezo cha kuangaliwa. Mwendeeni nyumbani kwake, mkiwa na wanafunzi wawili, mmwamkie: "Shikamoo, babu." Akishaitika marahaba, mwelezeni haja yenu. Yeye ndiye atakayewaeleza bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, na kwa nini huyatoi mashua siku fulani. Atasema mambo ambayo kitabu cha darasa hakina, na wajukuu zake watamwona amesimama mbele ya ubao. Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule iliwafanya vijana wadhani elimu yote imo vitabuni na wazee hawajui kitu. Saa moja ya namna hii inaponya mengi.

(c) Kasa wa Madete. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo na kutaga mayai yanayoweza kufikia mia moja na zaidi kwa mara moja. Huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua wengi wawe majike au madume: mchanga ukiwa wa moto zaidi, majike huwa wengi. Sheria za uvuvi zinakataza kuvua kasa na kuchukua mayai yake. Darasa linaweza kumwalika ofisa wa hifadhi aje kufundisha, kuokota taka za plastiki katika ufukwe wa kijiji na kuzihesabu kwa aina, na kuchora maisha ya kasa ukutani. Hawana haja ya kugusa kiota, wala wasiingie hifadhini bila kibali. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja, na hapa mnaweza kulifundisha hilo kwa mfano wa karibu.

Lakini frateri, hapa kuwa mwangalifu. Nyavu za akina baba hunasa kasa, wakati mwingine bila kukusudia. Usimwulize mtoto mbele ya wenzake, "Nani nyumbani kwao wamekula kasa?" Utamfanya mpelelezi wa baba yake, na siku hiyo utakuwa umemvunjia nyumba. Fundisha sheria na sababu zake, kisha zungumza na wavuvi wenyewe, mtu mzima na mtu mzima.

5. Sherehe: siku ya kutoa majibu

Mradi ukikamilika, ije sherehe. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu anapoagiza Pasaka, anatazamia kwamba watoto watauliza maana ya ibada ile, na wazazi wanapewa la kuwajibu (Kut 12:26-27). Sherehe njema humfanya mtoto aulize na humlazimu mkubwa ajibu. Na Kumbukumbu la Torati linapotaja waalikwa wa sikukuu ya majuma, linaorodhesha mwana na binti, mtumwa na mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane (Kum 16:11). Ukitaka kujua kama siku yako ya wazazi ni sikukuu ya Mungu, angalia nani hakufika, na kwa nini.

Tarehe. Msipange wakati wa Ramadhani, wala Ijumaa mchana. Hilo wengi wanalijua. Lakini liko jingine: angalieni daftari la maji la watoto. Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi. Saa hiyo akina mama wengi wako miambani wakitafuta pweza na chaza. Ukiita mkutano wa wazazi saa nne ya siku hiyo, utakuta viti vitupu, kisha utasema wazazi hawajali elimu. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hiyohiyo maji yamejaa na akina mama wako nyumbani. Basi watoto wenyewe wasimame mbele ya kamati ya shule na kupendekeza tarehe, wakionyesha daftari lao. Hapo mradi wa darasani umekuwa na kazi kijijini, na kamati ya watu wazima imesikiliza hesabu ya watoto.

Chakula. Kama kuna nyama, achinje Mwislamu, na wapishi wawe akina mama wa pande zote mbili. Ni desturi ya siku nyingi katika pwani yetu na haitupunguzii chochote. Mihogo ya shamba ipikwe kwa nazi, iwe katikati ya meza.

Michezo. Msiogope kucheka. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeanza kazi yake ya vijana Torino mwaka 1841, alicheza na wavulana wake uwanjani, na aliwataka mapadre wake wawepo kwenye michezo, kwa sababu alijua kijana humfungulia moyo mtu aliyekimbia naye. Wekeni mashindano ya kukuna nazi kwa akina baba, na watoto wawe waamuzi. Wekeni kuvuta kamba, wavuvi dhidi ya wakulima, walimu wakigawanywa pande zote mbili. Mbio za magunia, vitendawili baina ya bibi na wajukuu, ngonjera waliyoitunga wanafunzi wenyewe juu ya mihogo na kasa. Mama aliyecheka uwanjani pa shule hataogopa kuingia ofisini kwa mwalimu mkuu Jumatatu.

Wageni. Mgeni rasmi akichelewa, msiwaweke watoto juani tangu saa mbili kumsubiri. Anzeni, atawakuta. Hotuba ziwe fupi, na wa kwanza kusema wawe watoto, wakieleza kazi zao kwa maneno yao. Mtoto asiye na viatu au mwenye sare iliyochanika asiambiwe akae nyuma ili picha ipendeze. Na mchango wa fedha usiwe tiketi ya kuingia. Anayeleta kuni ameleta, anayeleta nazi mbili ameleta, asiye na kitu aje afagie uwanja na ale kama wengine. Yule kijana wa Injili alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili (Yoh 6:9); hakuna aliyemfukuza kwa sababu alileta kidogo.

Imani. Sherehe hii si mtego. Mtoto wa Kiislamu asiombwe kusali sala isiyo yake, wala kuimbishwa wimbo utakaomletea ugomvi nyumbani. Watoto wa Utoto Mtakatifu watakuwa na siku yao na Misa yao. Hapa tunamshuhudia Kristo kwa haki na ukarimu, na ushuhuda huo unaeleweka bila mkalimani.

6. Hesabu mbele ya watu

Kabla ya chakula, iwepo robo saa ya hesabu. Msichana mmoja na mvulana mmoja wasimame na daftari la shamba, wasome: tulipanda mashina mangapi, yaliyokufa mangapi, tulivuna magunia mangapi, tuliuza mangapi, kwa shilingi ngapi, fedha ziko wapi, zimenunua nini. Vilivyonunuliwa viwekwe mezani vionekane. Kama kuna hasara, isomwe pia. Ngiri wakila shamba, waandikwe. Kisha wazazi waulize, na wajibiwe bila hasira.

Wapo watakaosema, "Frateri, ukiwazoesha watoto kuuliza hesabu, kesho watawauliza wakubwa." Ni kweli, watauliza. Mtoto aliyesoma mapato na matumizi mbele ya kijiji akiwa na miaka kumi na miwili atashangaa atakapokuwa mtu mzima na kukuta kigango, kijiji au chama cha ushirika kisichosoma chake. Mshangao huo ni tunda la elimu. Nasi tunaojiandaa kwa upadre tujiulize mapema kama tuko tayari kuwa maparoko wa waamini wa namna hiyo.

Wapo pia watakaosema kwamba shule ndogo ina walimu wachache na haina muda. Kweli, walimu wamelemewa. Tangu elimumsingi bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, na baadhi ya wazazi walielewa kwamba kazi yao imekwisha. Kwa sababu hiyohiyo anzeni na mradi mmoja tu kwa mwaka. Shamba dogo lenye daftari linafundisha kuliko miradi mitano isiyo na mwenyewe. Na frateri asiufanye uwe wake. Ataondoka baada ya mwaka mmoja. Akiondoka nao, alikuwa anajijengea jina. Tangu siku ya kwanza awepo mwalimu wa shule na mjumbe wa kamati wanaoujua mradi kuliko yeye.

7. Maswali ya kujadili

Kwa mafrateri: Katika shule niliyosoma, kazi ya mikono ilikuwa malezi au adhabu? Jambo gani nitalibadilisha, na nani wa kijijini nitakayemwuliza kwanza kabla ya kubadilisha?

Kwa wazazi na waamini katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Ni lini mara ya mwisho tulisikia hesabu ya shamba la shule ya watoto wetu? Tuliiomba kwa heshima, au tulinung'unika njiani?

Kwa walimu: Katika mradi wetu wa sasa, ni uamuzi gani mmoja ulioachwa kweli mikononi mwa wanafunzi?

Kwa wote: Katika sherehe yetu ya mwisho, nani hakufika? Tulikwenda kumwuliza sababu?

Namalizia kwa yule mwenzangu wa darasa la tano. Alikuwa na swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa shuleni kwetu mwaka ule, naye alinyamazishwa. Injili inatuambia kwamba wazazi wa Yesu walimkuta hekaluni, mtoto wa miaka kumi na miwili, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali (Lk 2:46). Walimu wale walimwacha aulize. Mungu atujalie nasi, tutakapopelekwa Mkwaja au kwingineko, tukimsikia mtoto akiuliza mihogo ni ya nani, tuwe na daftari la kumwonyesha.